Uaminikaji wa mhusika mwanasayansi

Mhusika wa filamu anaaminika pale matendo yake yanapofanana na mtu tuliyeambiwa kuwa ndiye. Tukiambiwa huyu ni nahodha, tunatarajia ashike usukani kinahodha. Tukiambiwa ni mwanabiolojia, basi na amtazame mnyama kibiolojia. Hilo ni tofauti na usahihi wa sayansi yenyewe. Chombo kinaweza kwenda kasi kuliko mwanga, jambo ambalo fizikia hailikubali, na mtazamaji akatulia kitini bila kinongo, maana sharti hilo la hadithi amelikubali tangu mwanzo. Kinachomfanya asonye ni kitu kidogo zaidi, kama vile mkono ulionyooshwa.

Katika Prometheus, filamu ya mwaka 2012, mwanabiolojia anakutana na kiumbe kama nyoka mbali kabisa na dunia. Kiumbe kinainuka na kutanua shingo kama swila. Bwana yule anakibembeleza kama paka, kisha anakinyooshea mkono. Mwenzake mwanajiolojia, ambaye ndiye aliyerusha vifaa vya kuchora ramani ya mapango yale, ndiye anayepotea njia. Watazamaji wengi hapo waliguna.

Mtetezi wa filamu atasema wanasayansi wa kweli nao hukosea. Naam, tena vibaya. Tarehe 21 Mei 1946, huko Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, mwanafizikia Louis Slotin alikuwa akishusha bakuli la metali ya berili juu ya tufe la plutoniamu lililokaa ndani ya bakuli jingine kama hilo. Mabakuli mawili yakikutana, mmenyuko wa nyuklia huwaka. Kilichoyatenganisha kilikuwa ncha ya bisibisi mkononi mwake. Bisibisi iliteleza, chumba kikamulika buluu, na ingawa alilisukuma bakuli kando papo hapo, siku tisa baadaye alifariki. Tufe lilelile lilikuwa limekwisha kumuua mwenzake, Harry Daghlian, mwaka uliotangulia.

Ukiandika tukio hilo kwenye filamu, mtu atakwambia unatia chumvi. Hata hivyo linaaminika, kwa sababu kosa limezaliwa na utaalamu wenyewe: Slotin alikuwa amelifanya jaribio hilo mara nyingi hadi hatari ikawa mazoea. Yule wa kwenye filamu hana mazoea na kiumbe chake. Ndiyo kwanza wanaonana. Vivyo hivyo Barry Marshall, daktari wa Australia aliyekunywa bakteria mwaka 1984 ili kuonyesha kwamba wanaweza kulidhuru tumbo la chakula. Ni wazimu, lakini wenye sababu zake: wenzake hawakumsadiki na majaribio kwa wanyama yalikuwa yamegoma. Kwa hiyo mimi hujiuliza kosa limetoka kwa nani: kwa mhusika, au kwa mwandishi anayehitaji mtu afe kabla filamu haijafika katikati?

Kuna kasoro nyingine isiyopigiwa kelele. Wanasayansi wa filamu huamini upesi mno. Ishara inalia, na sekunde kumi baadaye mtu anapaza sauti kwamba hatuko peke yetu. (Kwamba mtu huyohuyo husoma vinasaba, hutafsiri lugha ngeni na kutengeneza injini, hilo mimi nasamehe. Makala ya mwaka 2016 iliyotangaza mawimbi ya uvutano ilikuwa na waandishi zaidi ya 1,000, na hakuna filamu inayoweza kuwabeba wote.)

Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu Cambridge, aliona mchoro mdogo wa ajabu kwenye karatasi ndefu za kinasa mawimbi ya redio kutoka angani. Baadaye ikadhihirika ni mapigo yanayorudi kila baada ya sekunde 1.33, sawasawa kama saa. Kwa utani waliyaita ya vijitu vya kijani, yaani viumbe wa sayari nyingine, kisha wakaanza kazi ya kuchosha: je, ni kasoro ya mitambo? Ni setilaiti? Ni rada iliyogonga mwezi ikarudi? Bell alipopata mapigo mengine upande tofauti wa anga, habari ya vijitu ikaisha; zilikuwa nyota za aina isiyojulikana. Walichapisha Februari 1968. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kabla ya hapo alikuwa ameudhika: yeye yuko mbioni kupata shahada yake, na vijitu hivyo havikuona antena nyingine ila ya kwake. Hasira ya namna hiyo sijaiona bado kwenye filamu.