Kinjeketile Hahitaji Tenki la Maji

"Mwalimu, tunahitaji tenki la lita ngapi?"

Simu ya namna hii nimeipokea mara ya tatu msimu huu. Kila Februari inapokaribia, vikundi vya mikoa ya kusini hukumbuka mashujaa wa Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906, na kila kiongozi wa kikundi hukumbuka kwamba alipokuwa sekondari alisoma Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu vita hivyo, akataka kuiigiza. Kuisoma wameisoma. Kuiona jukwaani, wengi wanaonipigia hawajaiona hata mara moja, na hapo ndipo balaa linapoanzia.

Nianze na maji ili niyamalize, maana tenki wanalitaka ili Kinjeketile azame humo. Masimulizi ya Maji Maji yanasema Kinjeketile alizama majini kule Ngarambe, akaibuka kesho yake akiwa mkavu. Mkavu! Muujiza wenyewe ndio huo. Ukimtoa mwigizaji kwenye tenki akichuruzika, umetuonyesha mtu aliyetoka kuoga. Mwache atambae hadi atoke jukwaani, na wenzake wabaki wameukodolea macho upande ule aliokwenda. Watazamaji nao watatazama huko huko. Gharama yake ni bure.

Inayonichosha kweli kweli ni dhana kwamba huu ni mchezo wa vita, kwa hiyo lazima bunduki zionekane, Wajerumani wawe wengi na historia isipindishwe hata kidogo. Kikundi kimoja kiliniletea bajeti. Zaidi ya nusu ya fedha ilikuwa ya bunduki za mbao, sare za askari na vitu vya kutoa moshi. Nikawauliza, Kinjeketile anaigizwa na nani? Walikuwa bado wanamtafuta.

Kuhusu historia, Hussein mwenyewe aliweka wazi katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa tamthilia si yule wa historia. Wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vimeanza. Wa tamthilia yu hai hata baada ya watu wake kushindwa, amefungwa, na anahojiwa. Sasa wewe unayehangaika na kofia sahihi za mwaka 1905 unasahihisha nini, ikiwa mtunzi amemrefushia maisha mhusika wake mkuu?

Kinachopiganwa humo ni neno. Kinjeketile akiwa amepandisha pepo anatabiri kwamba watu watamshinda Mjerumani, kisha watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Akizinduka anaambiwa aliyoyasema, na hayaelewi. Yaani tumtoe Mjerumani ili tumkaribishe Sultani? Tangu hapo anajua kwamba neno limepita kinywani mwake lakini si lake. Anataka vita vicheleweshwe, watu waungane na wajiandae kwanza, ila wao wamekwisha kuyaamini maji, kwamba yatawakinga na risasi, na hawamsubiri mtu. Basi onyesho hilo ndilo vikundi hulikata mwanzo kabisa, ati "linawachanganya watazamaji". Acha liwachanganye! Limemchanganya Kinjeketile mwenyewe. Ukilikata, mwishoni unabaki na mzee mkaidi kifungoni anayekataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, na hakuna ukumbini anayejua kwamba huyu mtu mwenyewe alikuwa wa kwanza kuyatilia shaka. Kiini cha mchezo kimebaki kwenye kapu la takataka, halafu mnakuja kuniuliza kwa nini watu walitoka kabla ya mwisho.

Ushauri wangu, ambao nimeurudia mpaka wengine wananikwepa: wiki mbili za kwanza fanyeni mazoezi ya onyesho hilo na lile la mwisho tu. Msipige ngoma, msivae maleba, msiwashe taa za jukwaa. Mwigizaji akiweza kulitaja jina la Seyyid Said kama mtu aliyeshtushwa na kinywa chake mwenyewe, mengine yatajengeka. Asipoweza, hata mkimzungushia bunduki mia.

"Lazima tuwe watu hamsini." Kumi na wawili wanaohudhuria mazoezi yote ni umati mkubwa kuliko hamsini waliokuja mara mbili. Watatu wapeleke nyuma ya ukumbi, gizani, waitikie kutoka huko.

"Kiswahili chake ni kigumu, tukibadilishe kiwe cha mtaani." Hapana. Tamthilia inaanzia nyumbani, wanawake wawili wanazungumza, njaa iko mlangoni. Kigumu kiko wapi? Ugumu ni ule mtindo wa kutamka kila sentensi kama ngonjera mbele ya mgeni rasmi, kifua mbele na kidole hewani. Wape hao kina mama ungo wenye mtama kiduchu, waseme maneno yao huku wanapepeta. Ngonjera itakufa yenyewe.

Ngoma za kuchangamsha kati ya onyesho na onyesho zipigwe nje, watu wakiwa kwenye foleni ya tiketi.

Halafu kuna hili la ruhusa. "Ni kitabu cha shule, Mwalimu, hakuna wa kumwomba." Yupo. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kinjeketile ilitoka 1969, lakini Hussein huyo huyo alichapisha Kwenye Ukingo wa Thim mwaka 1988, maana yake mwaka huo alikuwa hai, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Barua kwa mwenye haki iandikwe kabla ya kuchapa mabango.

Yule bwana wa tenki hakuwa ameandika barua yoyote. Nilimweleza yote haya, dakika arobaini kwa salio langu. Akanyamaza kidogo.

"Sawa, Mwalimu, nimekuelewa. Tenki tunaliacha. Na moshi je?"