Je, Wajua? Wafaransa Hugoma Sana, Lakini Wenye Kadi za Chama ni Wachache

Machi 7, 2023, barabara za miji ya Ufaransa zilifurika watu waliopinga umri wa kustaafu kupandishwa kutoka miaka 62 hadi 64. Wizara ya Mambo ya Ndani ilihesabu waandamanaji milioni 1.28. Chama cha wafanyakazi cha CGT, siku hiyohiyo, kikahesabu milioni 3.5. Kule hakuna anayeshtushwa na tofauti hiyo, ndivyo inavyokuwa kila mara.

Ukiona bendera zile zote, utaapa kwamba Ufaransa inaongoza Ulaya kwa wanachama wa vyama vya wafanyakazi. Mimi niliapa. Nilibishana na mwenzangu kwenye kahawa hadi vikombe vikapoa, kisha tukatafuta takwimu, nikanyamaza. Wanachama ni takriban mfanyakazi mmoja kati ya kumi. Katika sekta binafsi ni wanane hivi kati ya mia. Sweden na Denmark, ambako migomo haivumi hivyo, ni karibu wawili kati ya watatu.

Kilichonipoteza ni mazoea ya kwetu, kwamba mgomo ni mali ya chama. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mgogoro upite kwanza kwenye usuluhishi, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Ujerumani nayo, chama ndicho kinachoitisha, na walimu wenye hadhi ya watumishi wa dola hawaruhusiwi kugoma kabisa. Nikadhani dunia nzima iko hivyo, kwa hiyo penye wagomaji wengi lazima pawe na kadi nyingi.

Ufaransa haiko hivyo. Haki ya kugoma imo kwenye utangulizi wa Katiba ya 1946, na ni haki ya mtu mwenyewe. Katika kampuni binafsi, wafanyakazi wawili tu wanaweza kumpelekea mwajiri madai yao na kuacha kazi, bila notisi wala ruhusa ya chama chochote. Saa walizogoma hawalipwi, hilo liko palepale. Huduma za umma ndizo zinazodai notisi ya siku tano kutoka kwenye chama. Kwa hiyo wengi uliowaona barabarani hawajawahi kulipa ada hata ya mwezi mmoja.

Na kwa nini walipe? Chukua mtaa wenye nyumba mia, kumi zikichanga kumlipa mlinzi. Mlinzi hawezi kumwelekeza mwizi aziruke nyumba za wachangaji aingie za wale wengine. Akipiga filimbi, mtaa mzima unapona. Sasa serikali ya mtaa itoe waraka kwamba ulinzi ule ni wa nyumba zote kisheria, hata zitakazojengwa mwakani. Mwezi unaofuata, watakaochanga ni wenye moyo na wenye mazoea.

Waraka huo Ufaransa inao tangu 1936. Vyama na waajiri wa sekta fulani wakitia saini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi, Wizara ya Kazi inaweza kuufanya uwabane waajiri wote wa sekta hiyo, pamoja na wasiotia saini. Matokeo yake, kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, mikataba hii inawafikia takriban asilimia 98 ya wafanyakazi. Mwoka mikate wa kijijini, aliye peke yake na tajiri wake, huenda hajawahi kukutana na kiongozi wa chama, lakini hati yake ya mshahara lazima itaje mkataba unaomhusu.

Tusimbebeshe mlinzi wetu kila kitu, ingawa. Ubelgiji nayo huieneza mikataba vivyo hivyo, na bado karibu nusu ya wafanyakazi wake ni wanachama. Kule vyama hushiriki kuwalipa posho wasio na ajira, na hapo kadi ina faida ya papo kwa papo. Hata sifa ya Wafaransa ya kuongoza kwa migomo ipokee kwa tahadhari, maana kila nchi huhesabu siku za mgomo kwa njia yake.

Linabaki swali: chama kisicho na watu kinatia saini kwa niaba ya nani? Jibu la Wafaransa ni kura. Tangu sheria ya 2008, chama kinahitaji asilimia 10 ya kura katika kampuni, au 8 katika sekta, ndipo kikae mezani. Wanapiga kura wafanyakazi wote, wenye kadi na wasio nayo, kama vile chama cha siasa kinavyoweza kuwa na wanachama wachache na wapigakura tele.

Ila wapigakura wenyewe wanapungua. Waliojitokeza walikuwa asilimia 42.78 katika hesabu ya kura za nchi nzima ya 2013. Katika mzunguko wa 2017 hadi 2020 walikuwa 38.24. Sehemu za kazi zenye watu chini ya 11 zina uchaguzi wao, kwa posta au intaneti, na humo anachaguliwa chama, si mtu unayemjua. Mwaka 2012 walipiga kura asilimia 10.38, mwaka 2021 wakawa 5.44, na mwishoni mwa 2024 wakawa 4.07. Mwoka mikate wetu yumo kwenye kundi hilo, na katika kila mia ya wenzake, tisini na sita hawakupiga kura.