Hita kali haina ukinzani mkubwa

Kauli kwamba "hita hii inachemsha haraka kwa sababu ina ukinzani mkubwa" husemwa madukani, husemwa na mafundi, na wakati mwingine husemwa hata darasani, wala hakuna anayeshtuka. Ingefaa tushtuke kidogo, kwa kuwa kwa kifaa kilichochomekwa kwenye umeme wa nyumbani ukweli ni kinyume chake.

Maelezo ya msingi hayahitaji nafasi kubwa. Volteji, inayopimwa kwa volti, ndiyo inayozisukuma chaji. Mkondo, unaopimwa kwa ampea, ni wingi wa chaji zinazopita kila sekunde. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni kiasi ambacho kifaa huuzuia mkondo huo. Ukizijua volti na ampea, zigawanye volti kwa ampea upate ukinzani, kisha uzizidishe upate nguvu, yaani wati. Birika la umeme linalovuta ampea 9.57 kwenye volti 230 lina ukinzani wa omu 24 hivi na nguvu ya wati 2,200.

Kutokana na hesabu hizo mbili hupatikana nyingine mbili, na hapo ndipo watu wanapopotea. Nguvu ni kipeo cha pili cha mkondo kikizidishwa kwa ukinzani. Vilevile nguvu ni kipeo cha pili cha volti kikigawanywa kwa ukinzani. Katika ya kwanza ukinzani unazidisha, katika ya pili unagawanya, na zote mbili ni sahihi kwa kifaa kilekile katika sekunde ileile. Anayeikariri ya kwanza peke yake huona kwamba ukinzani ukipanda joto nalo litapanda, akasahau kwamba mkondo haubaki ulivyokuwa: volteji isipobadilika, ukinzani ukiongezeka maradufu mkondo hupungua kwa nusu, na kipeo cha pili cha nusu ni robo. Robo mara mbili ni nusu. Joto limepungua.

Kosa hili lina asili ya heshima. James Prescott Joule, Mwingereza wa Salford aliyetoka katika familia ya watengeneza bia, alichapisha mwaka 1841 majaribio yake kuhusu joto linalozalishwa na umeme. Alichukua nyaya mbili za shaba, moja nene na nyingine nyembamba, akazitumbukiza katika mitungi miwili ya maji, kisha akapitisha mkondo mmoja katika waya wa kwanza na kuendelea nao katika wa pili. Waya mwembamba, wenye ukinzani mkubwa zaidi, ulipasha maji yake zaidi. Matokeo hayo ni ya kweli kabisa, lakini yanategemea sharti ambalo vitabu vya shule hulitaja upesi na wasomaji hulisahau upesi zaidi, kwamba mkondo katika nyaya zote mbili ulikuwa mmoja. Vifaa vya nyumbani havifungwi hivyo. Kila kimoja hupewa volti zake kamili, na kila kimoja huvuta ampea zake chenyewe.

Ushahidi wa karibu zaidi uko kwenye jiko la umeme la koili, lile la waya uliosokotwa ndani ya mfereji wa udongo. Waya unapokatika, fundi huvuta ncha mbili, huzisokota pamoja, na jiko hufanya kazi tena, ila kwa kuwa kipande kimepotea waya sasa ni mfupi kuliko awali. Jiko la wati 1,000 lina ukinzani wa omu 53 hivi. Likipoteza sehemu ya kumi ya waya wake hubaki na omu 48 hivi, na nguvu yake hupanda hadi takriban wati 1,110. Mwenye jiko hufurahi kwamba linawaka jekundu kuliko lilivyokuwa jipya, na hushangaa linapokatika tena baada ya muda mfupi. Ukinzani umepungua na joto limeongezeka, mbele ya macho yake.

Upo upande ambao mafundi wetu wanasema kweli, nao ni soketi iliyolegea. Tuseme pale pini ya plagi inapogusa bati la soketi pamejitokeza ukinzani wa nusu omu kwa sababu ya kutu au kulegea. Birika lile la omu 24 bado ndilo linaloamua mkondo, ambao sasa ni ampea 9.4 hivi, na kwa hiyo pale kwenye mguso huzalishwa wati 44, kiasi kinachotosha kuibabua plastiki. Mguso ukizidi kuharibika hadi kufikia omu moja, mkondo hushuka kidogo tu, lakini joto la pale hukaribia kuongezeka maradufu. Hapa mkondo ndio karibu haubadiliki, kama kwa Joule.

Hesabu hizi zifanywe kwa vipimo vilivyochukuliwa kifaa kikiwa kinafanya kazi. Balbu ya zamani ya wati 100, yenye uzi wa tungsteni, ina omu 529 inapowaka kwenye volti 230, lakini ukiipima kwa mita ikiwa imezimwa na kupoa utapata omu 40 hivi au chini zaidi, na ukikokotoa nguvu kwa tarakimu hiyo utaambiwa kwamba balbu ni ya wati zaidi ya 1,300. Feni na friji ziachwe kando kabisa, kwa sababu mota inayozunguka huzalisha volteji yake inayopingana na ile iliyoingia.

Kwa hiyo fundi anayesema soketi imeungua kwa sababu ya ukinzani mkubwa aachwe na maneno yake, kwa kuwa hajakosea. Akigeukia hita aseme tu kwamba inachemsha haraka kwa sababu ukinzani wake ni mdogo.