Uendelezaji upya si ukarabati, wala si ghorofa

Uendelezaji upya wa mji ni kulichukua eneo zima lililokwisha kujengwa, kupanga tena viwanja, barabara, mabomba na mifereji yake, kisha kulijenga kwa matumizi mengine, mara nyingi maduka na ofisi. Maana ndiyo hiyo.

Kinachonikera ni neno kubandikwa popote penye jukwaa la mafundi. Tangu redio ituambie kwamba Kariakoo, eneo la soko na maduka jijini Dar es Salaam, "imeendelezwa upya", kila mtu anarudia. Tuanze na neno. Mzizi ni "enda". Likanyambuliwa likawa "endelea", kwenda bila kukoma, kisha "endeleza". Waliosoma zamani wanakumbuka mwalimu akisema "endeleza neno hili", yaani taja herufi zake kwa mfuatano mpaka neno litimie. (Siku hizi wanasema "spelling", tuyaache.) Herufi moja haikuwa jibu, hata ungeitamka vizuri namna gani.

Basi jengo moja ni herufi moja. Soko la Kariakoo, lile alilobuni msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 10, 2021. Serikali ikalitengeneza, na pembeni ikajenga jengo jipya. Kilichofanyika kwa soko kuu ni ukarabati: kitu kimeharibika, kimerudishiwa hali yake. Kazi kubwa, lakini mtaa wa pili haukuguswa.

Na ghorofa? Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita zimevunjwa moja moja. Mwenye kiwanja anaingia ubia na mwenye fedha, anaachiwa sakafu kadhaa, chini zinawekwa fremu za maduka. Kiwanja kinabaki kilekile cha familia moja, ila sasa kimebeba watu mamia, na majitaka yao yote, na mizigo yao yote inayopita Mtaa wa Kongo katikati ya machinga. Kila mmoja ameandika herufi yake, kubwa kweli kweli, bila kumtazama jirani.

Ukitaka mfano ulio karibu zaidi na maana, vuka Jangwani uende Magomeni Kota. Pale nyumba za zamani zilibomolewa zote, eneo likapangwa upya, na majengo ya kaya 644 yakazinduliwa 2022. Ni makazi zaidi kuliko biashara, nakubali, lakini angalau lilishughulikiwa kama eneo.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, sema soko limekarabatiwa na viwanja vimepandishwa ghorofa. Tutakuelewa vizuri tu. Kariakoo yenyewe bado inapita katika mitaa ileile iliyochorwa na Mjerumani.