Plastiki ya miwa nayo haiozi

Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwezi Agosti 2017, utasikia Nairobi watu wakisema dawa ni plastiki ya miwa, eti ukiitupa huoza kama ganda la ndizi.

Si kweli. Molasi, yale masalio mazito ya sukari ya miwa, huchachushwa ikawa ethanoli, ile ile inayowaka kwenye majiko ya mitaani. Mvuke wake ukipita juu ya punje za alumina, ambayo ni kichocheo kigumu (huharakisha badiliko bila yenyewe kuisha), kwenye joto la nyuzi 300 na zaidi, kila molekuli huvuliwa maji ikabaki ethilini, gesi ambayo molekuli zake huunganishwa kuwa plastiki iitwayo polithini. Ukipunguza joto hadi nyuzi 230 hivi, hupatikana zaidi etha, kemikali nyingine. Weka shaba badala ya alumina, utapata kemikali tofauti tena, asetaldehidi, pamoja na haidrojeni. (Kwangu mimi, uhondo wote wa kemia hii uko hapo.)

Ethilini hiyo haina tofauti na ya petroli, kwa hiyo polithini yake, inayotengenezwa Brazil kwa wingi tangu 2010, huziba mitaro ya Eastleigh vilevile. Faida yake ni nyingine: kaboni iliyomo ilinyonywa na muwa kutoka hewani juzijuzi, haikuchimbwa ardhini.