Alamu ya nyumbani: msaada wa dharura wa saa 24 kwa mtu mwenye ulemavu anayeishi kwake

Kama una ndugu Uingereza anayefanya kazi ya kutunza wazee na watu wenye ulemavu, lazima umeshamsikia akitaja alamu, mara mteja wake kabonyeza alamu saa nane usiku, mara kaenda kuoga kaiacha kitandani. Anaongelea huduma ambayo kule ni ya kawaida kabisa, karibu watu milioni 2 wanaitumia. Ni mpango unaomwezesha mtu mwenye ulemavu, mgonjwa wa muda mrefu au mzee kuishi nyumbani kwake mwenyewe, hata akiwa peke yake, na likitokea la kutokea, saa yoyote ile, kuna binadamu anapokea na kuna mtu anakuja. Hapo kwenye kuja ndio pa kushika, maana wengi wakiona kile kitufe wanadhani kitufe ndio huduma yenyewe.

Vifaa ni vichache tu. Kuna kitufe kidogo cha kuvaa shingoni au mkononi kama saa, hakiingii maji ili mtu aoge nacho, halafu kuna kiboksi chenye spika na maiki kinakaa sebuleni au kwenye korido. Ukibonyeza, kiboksi kinapiga simu chenyewe mpaka kwenye kituo kinachopokea simu za alamu na sauti ya opareta inatokea pale pale kwenye spika, anakuita kwa jina anakuuliza kuna nini, kwa sababu kwenye kompyuta yake imeshafunguka taarifa yako, unaishi wapi, ulemavu wako ni upi, unatumia dawa gani, mlango unafunguliwaje na apigiwe nani kwanza. Usipomjibu hakati simu akaona labda umebonyeza kwa bahati mbaya. Anaanza kuwapigia watu uliowaandikisha, akiwakosa anatuma msaada.

Sasa asiyeweza kubonyeza je? Hapa ndipo huduma inapotakiwa kumfuata mtu, mtu asilazimishwe kuifuata huduma. Asiyeweza kutumia vidole anaweza kuwekewa swichi kubwa ya kugusa kwa kichwa, au ya kupuliza kwa mdomo. Mwenye kifafa anawekewa sensa chini ya godoro inayosikia mwili ukitikisika kwa degedege usiku. Kuna kitufe kinachohisi mtu ameanguka na kupiga simu chenyewe, kuna kigundua moshi kilichounganishwa na kituo hicho hicho, na kuna ile kamba nyekundu ya chooni na bafuni. Hii kamba naomba nikae nayo kidogo. Inatakiwa ining'inie mpaka karibu na sakafu, ili aliyeanguka akiwa amelala chini aifikie kwa mkono, lakini nenda nyumba nyingi utaikuta imefungwa fundo juu kabisa kwa sababu inasumbua wakati wa kudeki. Kamba iliyofungwa juu haimsaidii mtu yeyote. Ukifanya kazi kwenye nyumba ya namna hiyo, ifungue ikae chini.

Twende kwa anayekuja. Mara nyingi anayepigiwa kwanza ni ndugu au jirani aliyekubali kuandikwa, na kwetu sisi jirani ndio alamu yenyewe ukweli usemwe, tofauti ni kwamba kule jirani ameandikwa, amekubali, na akikosekana kuna wa pili na wa tatu. Baadhi ya halmashauri zina timu yake inayozunguka na gari usiku na mchana, hao wanafika, wanafungua kisanduku kidogo cha chuma kilichopigiliwa ukutani nje, chenye namba za siri na funguo ndani, hakuna kuvunja mlango. Mtu akiwa ameanguka lakini hajaumia hawamvuti kwa makwapa. Wanamwekea chini mto maalumu uliobonyea, wanaujaza upepo kwa pampu, unamwinua taratibu mpaka anakaa, na hapo anaweza kusimama au kuhamia kwenye kiti chake. Kukiwa na jeraha, maumivu ya kifua au dalili za kiharusi opareta anapiga 999, namba ya dharura ya kule, na ambulensi inakuja.

Haraka yote hii ina sababu. Mtu akilala sakafuni zaidi ya saa moja, hata kama mfupa haukuvunjika, mwili unaanza kuharibika, baridi inamwingia, maji yanapungua mwilini, ngozi inaanza kupata vidonda vya mgandamizo na misuli iliyobanwa inaweza kumwaga sumu inayoumiza figo. Kwa mtu ambaye miguu yake haina hisia ni hatari zaidi, hata maumivu ya kumshtua hayasikii.

Halafu dharura sio kuanguka tu, na hili ndilo naona halisemwi vya kutosha. Kwa mtu anayehitaji mtu mwingine kumtoa kitandani, mhudumu asipotokea asubuhi ni dharura. Mke anayemhudumia mumewe akilazwa hospitali ghafla, mume aliyebaki nyumbani yuko kwenye dharura. England kuna sheria ya mwaka 2014 inayoipa halmashauri ruhusa ya kumpa mtu huduma ya haraka hata kabla ya kumfanyia tathmini, na halmashauri zina timu ya ustawi wa jamii ya zamu ya usiku na wikendi kwa ajili ya mambo kama haya. Kwa hiyo akikwambia mtu subiri mpaka Jumatatu, omba uunganishwe na timu ya zamu. Bora zaidi familia iandike mapema nani atashika nafasi ya mtunzaji akiugua, karatasi iwe kwenye faili la halmashauri na nakala nyumbani.

Umeme nao. Mtu anayetumia mashine ya kupumulia anatakiwa ajiandikishe kwenye orodha ya wateja wa kipaumbele ya kampuni ya umeme, na umeme ukikatika namba ya kupiga ni 105. Viziwi walikuwa wameachwa nyuma muda mrefu, lakini tangu Juni 2022 wanaweza kupiga 999 kwa video wakaongea kwa lugha ya alama ya Uingereza kupitia mkalimani, na kuna njia ya kutuma meseji 999, ila hiyo ya meseji lazima uwe umejiandikisha kabla.

Kuna jambo la kuangalia kwa haraka sasa hivi. Laini za zamani za simu ya mezani zinazimwa, tarehe ya mwisho ni Januari 2027, na simu zinahamia kwenye intaneti. Zile za zamani zilikuwa zinabeba umeme wake kwenye waya, ruta, kile kifaa cha intaneti cha nyumbani, haifanyi hivyo, umeme ukikatika ruta inazima na alamu iliyochomekwa humo inanyamaza. Miongozo inataka kampuni ya simu impe anayetegemea simu hiyo njia ya kufikia huduma za dharura kwa angalau saa moja umeme ukiwa umekatika, na kwa maoni yangu saa moja ni ndogo mno kwa mtu aliye peke yake. Uliza kama kiboksi ni cha kizamani, omba kile chenye laini ya simu ya mkononi (SIM) na betri ndani yake, na kampuni ya simu iambiwe wazi kwamba nyumba hii ina alamu kabla hawajagusa laini.

Gharama kwa kawaida ni pauni chache kwa wiki, halmashauri nyingine zinafidia kutokana na kipato, na mwenye ulemavu au ugonjwa sugu halipi VAT kwenye alamu ya matumizi yake mwenyewe, anajaza fomu tu.

Kikwazo kikubwa kinabaki kwa mtumiaji mwenyewe. Wengi, hasa wazee wetu, hawabonyezi kwa sababu hawataki kusumbua watu usiku. Waelezwe kwamba opareta yupo macho na analipwa kwa kazi hiyo, na kubonyeza kwa bahati mbaya sio kosa. Mzoesheni kwa kubonyeza naye mara moja kwa mwezi, akisikia sauti aseme anajaribu tu, hapo mtakuwa mmepima kitufe na spika, na yeye atakuwa ameshaongea na opareta siku ambayo hakuna shida.