Je, wajua cheo cha luteni kanali kiliuzwaje katika jeshi la Uingereza?

Mei 1824, James Brudenell, mbunge wa Marlborough, aliingia Rejimenti ya 8 ya Husari, kikosi cha wapanda farasi wepesi, akiwa na cheo cha chini kabisa cha ofisa. Kufikia Desemba 1830 alikuwa luteni kanali, na hakuwa amepigana vita hata kimoja. Alinunua kila ngazi, na kanuni za jeshi zilimruhusu.

Bei rasmi za mwaka 1821 kwa wapanda farasi zilianzia pauni 840 kwa ofisa mpya. Luteni alilipa 1,190, kapteni 3,225, meja 4,575 na luteni kanali 6,175. Aliyepanda hakutoa bei nzima: aliuza cheo chake cha zamani na kuongeza tofauti tu, kwa mfano pauni 1,350 kutoka kapteni kwenda meja. Nafasi ikitokea, wa kwanza kuulizwa ni ofisa aliyekaa muda mrefu zaidi katika cheo cha chini yake. Asipokuwa na fedha, zamu inamwendea anayemfuata. Ndiyo maana kapteni hodari lakini maskini aliweza kuzeeka na cheo kilekile huku vijana wakimpita.

Ukanali na vyeo vya juu yake havikuuzwa, wala vyeo vya mizinga na uhandisi. Ofisa akifa vitani, nafasi yake ilijazwa bure kwa kufuata ukongwe, na fedha alizolipia cheo zikapotea.

Brudenell alitumia njia ya mkato. Cheo cha luteni kanali alikipata nje ya kikosi, kwa nusu mshahara, yaani bila kikosi cha kuongoza. Halafu mwaka 1832 akabadilishana na kamanda wa Rejimenti ya 15 ya Husari, akimwongezea fedha za pembeni. Inasimuliwa kuwa alitoa zaidi ya pauni 35,000. Nyongeza hizo zilikatazwa na sheria, lakini kila mtu alijua zipo.

Serikali ilinufaika. Ofisa anayestaafu aliuza cheo chake, kwa hiyo hazina iliokoa pensheni. Tena fedha zile zilikuwa dhamana: ukifukuzwa jeshini, umezipoteza. Kasoro ni kwamba dhamana hiyo iliuma kwa aliyefukuzwa kabisa tu. Brudenell alimshtaki kapteni wake, Wathen. Mwaka 1834 mahakama ya kijeshi ikamwachia kapteni, na Brudenell akaondolewa kikosini. Cheo chake hakikuguswa. Miaka miwili baadaye alipewa rejimenti nyingine, ya 11.

Mwaka 1837 alirithi ukuu wa baba yake, akawa Lodi Cardigan na kuhamia Baraza la Mabwanyenye, nyumba ya juu ya bunge la Uingereza. Ndiye aliyeongoza wapanda farasi wepesi Balaclava, katika Vita vya Krimea, Oktoba 25, 1854, moja kwa moja kwenye mizinga ya Warusi. Wengi huitaja siku hiyo kama hasara ya vyeo vya kununua. Mfano huo haufai sana: amri iliyovurugika ilitoka juu yake, naye alitangulia mbele ya wote.

Biashara hiyo ilikoma Novemba 1, 1871, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mabwanyenye waliuchelewesha muswada, kwa hiyo waziri mkuu Gladstone akatumia hati ya Malkia, isiyohitaji kura ya bunge. Serikali ililazimika kuwafidia maofisa kwa mamilioni ya pauni, zikiwemo zile nyongeza za pembeni zilizokatazwa na sheria.